Kusafisha choo bila kuchafua mazingira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimekuwa nikiulizwa tangu nilipoacha kununua dawa kali za choo, na baadhi ya majibu nimeyabadilisha kadiri nilivyojifunza. Nayajibu kama ninavyomjibu mtu aliyesimama mlangoni mwa choo na brashi mkononi: kwanza tutambue ni uchafu gani, ndipo tutafute cha kuuondoa.

Kinachoganda kwenye choo ni nini hasa?

Ni vitu vitatu tofauti, na wengi wetu huvimwagia dawa moja.

Cha kwanza ni gamba la chokaa. Maji magumu hubeba kalsiamu na magnesiamu, na pale yanapotulia na kukauka huacha tabaka jeupe au la kijivu, gumu kama jiwe. Sehemu kubwa ya tabaka hilo ni kalsiamu kaboneti. Cha pili ni gamba la mkojo. Bakteria huvunja urea iliyomo kwenye mkojo na kutoa amonia, maji yanageuka kuwa na alkali, kisha madini ya fosfeti yanaganda ukutani mwa bakuli kwa rangi ya manjano au kahawia. Hilo ndilo linalotoa ile harufu inayorudi saa chache tu baada ya kusafisha. Cha tatu ni utelezi, yaani tando za bakteria na kuvu zilizochanganyika na mabaki ya kinyesi na mafuta ya mwili.

Viwili vya kwanza ni madini, na madini haya huyeyushwa na asidi. Utelezi hautaki asidi. Unataka sabuni, brashi, na wakati mwingine kitu kinachotoa oksijeni. Kingine cha kukumbuka ni kwamba gamba lina mikwaruzo na vishimo ambamo utelezi hujificha. Choo chenye gamba huchafuka upesi kuliko choo laini, hata kikisuguliwa kila siku. Ndiyo maana mimi huanza na gamba.

Siki inatosha kuondoa gamba?

Inatosha kwa gamba jembamba. Siki ya kawaida ya nyumbani ina asidi ya asetiki kama asilimia 5. Ikikutana na kalsiamu kaboneti, utaona viputo: hiyo ni hewa ya kaboni dayoksaidi ikitoka, na chokaa ikigeuka kuwa chumvi inayoyeyuka kwenye maji.

Wanaolalamika kwamba siki haifanyi kazi, mara nyingi wameimwaga juu ya maji yaliyotulia ndani ya bakuli. Asilimia 5 ikichanganywa na lita moja au mbili za maji hubaki kidogo sana. Punguza maji kwanza. Sukuma yaliyomo kwa brashi yaelekee kwenye kona ya bomba, kwa mapigo mafupi ya haraka, mpaka ukingo wa maji ushuke na gamba libaki wazi. Hapo ndipo umwage siki, uiache usiku kucha, asubuhi usugue na kuvuta maji.

Gamba lililo juu ya maji, na hasa lile la chini ya ukingo ambako maji hutokea, lina shida nyingine: siki huteleza na kushuka. Chukua karatasi za choo au vitambaa vyembamba, vilowe siki, uvibandike palepale kwenye gamba. Saa nne au tano zinatosha kuona tofauti. Ukimaliza, karatasi itupe kwenye pipa, usiipeleke yote kwa mkupuo bombani.

Na asidi ya sitriki?

Hii ndiyo ninayoipenda zaidi ya siki. Ni ungaunga mweupe, ndiyo asidi inayoipa ndimu na limau ukali wake, haina harufu, na kwa sababu ni unga, unaamua mwenyewe ikolee kiasi gani. Gramu 100 ndani ya lita moja ya maji inatosha kwa gamba gumu. Kwa usafi wa kila wiki, kijiko kikubwa kimoja au viwili vikinyunyizwa kwenye bakuli lililoloweshwa vinafaa.

Tumia maji ya baridi au ya uvuguvugu. Maji ya moto hapa huharibu kazi: kalsiamu sitreti inayozaliwa haiyeyuki vizuri kwenye joto, hivyo unaweza kuondoa gamba moja ukajitengenezea lingine.

Vaa glavu, na isiguse jicho. Kuwa imetoka kwenye tunda hakuifanyi isiwashe. Pia usiitumie, wala siki, kwenye sakafu ya marumaru au ya mawe ya chokaa, kwa sababu mawe hayo yameundwa na kitu kilekile unachokiyeyusha chooni. Tone moja linaacha doa lisilofutika.

Nichanganye siki na magadi ya kuokea? Kila mahali naona wanashauri hivyo.

Hapana, kama unatafuta usafi. Najua povu lake linavutia macho. Lakini siki ni asidi, na magadi ya kuokea, yaani sodiamu bikaboneti, ni alkali nyepesi. Ukivikutanisha vinamalizana: hewa inatoka, na kinachobaki ni maji yenye chumvi iitwayo sodiamu asetati, ambayo haiyeyushi gamba wala haikati mafuta. Umepoteza vitu viwili vizuri kwa dakika moja ya povu. Povu lenyewe linaweza kulegeza uchafu mlaini kidogo, basi.

Vitumie kwa zamu. Siki au asidi ya sitriki usiku kwa ajili ya gamba. Asubuhi vuta maji, kisha nyunyiza magadi kwenye brashi iliyolowa na usugue. Chembe zake ni laini kuliko kauri, kwa hiyo hazichubui, na hutuliza harufu. Na tafadhali usivichanganye ndani ya chupa ukaifunga. Hewa ile haina pa kutokea, chupa inaweza kupasuka.

Nikiacha dawa ya klorini, vijidudu si vitabaki?

Swali hili nalijibu kwa urefu kwa sababu limebeba hofu ya kweli, na kwa sababu watu wengi wanaohimiza usafi wa asili hulikwepa.

Kusafisha na kuua vijidudu ni kazi mbili. Sabuni na brashi huondoa uchafu, na pamoja nao vijidudu vingi, vikaenda na maji. Kwa siku za kawaida, kwenye nyumba ya watu wazima wa afya, hiyo inatosha. Bakuli la choo halihitaji kuwa safi kama chombo cha upasuaji. Dakika moja baada ya kulisafisha, mtu atalikalia tena. Mahali panaposambaza magonjwa zaidi ni mikononi, kwenye kitasa cha mlango, kwenye koki na kwenye kitufe cha kuvutia maji, na hapo kinachookoa ni kunawa kwa sabuni na kupafuta mara kwa mara.

Siki haiui kila kitu. Hudhoofisha baadhi ya bakteria, lakini usiitegemee dhidi ya norovirusi, inayoleta kutapika na kuharisha kwa ghafla na kuambukiza nyumba nzima. Kwa hiyo mtu akiharisha au kutapika nyumbani, au kukiwa na mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, mimi hutumia klorini bila kusita. Kwanza ondoa uchafu unaoonekana kwa karatasi na sabuni, kwa sababu klorini huisha nguvu ikikutana na uchafu mwingi. Kisha pangusa kwa mchanganyiko wa asilimia 0.1. Kama dawa uliyonayo ina klorini asilimia 5, hiyo ni sehemu moja ya dawa kwa sehemu 49 za maji. Acha sehemu ikae imelowa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, fungua dirisha, halafu suuza.

Kutunza mazingira hakumlazimishi mgonjwa wako kuwaambukiza wengine. Tunachoacha ni kumwaga klorini kila asubuhi kwa mazoea.

Basi klorini ina ubaya gani, ikiwa huvunjika na kuwa chumvi na maji?

Sehemu kubwa huvunjika hivyo, ni kweli. Lakini ikikutana na uchafu wa uhai, sehemu ndogo hujifunga nao na kuzaa misombo ya klorini ambayo huchelewa kuoza. Kwa nyumba yenye karo la maji taka kuna jambo la karibu zaidi. Karo linaendeshwa na bakteria wanaokula kinyesi bila hewa. Kikombe kimoja cha klorini mara mojamoja hakiwaui wote. Ukimwaga nyingi kila siku unawapunguza, kinyesi kinajaa bila kuoza, na karo linahitaji kunyonywa mapema.

Tena klorini haiondoi gamba. Hulipausha rangi tu. Choo kinaonekana cheupe, gamba liko palepale, na wiki ijayo limenasa uchafu mpya. Hapo ndipo mtu anaongeza dawa.

Ni vitu gani havipaswi kukutana kabisa?

Klorini na asidi yoyote: siki, ndimu, asidi ya sitriki, dawa za kuondoa gamba. Inatoka gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Klorini na amonia, hata ile iliyomo kwenye mkojo uliokaa: zinatoka gesi za kloramini. Na hidrojeni peroksidi na siki ndani ya chombo kimoja: inazaliwa asidi ya perasetiki, ambayo huunguza macho na mapafu.

Yaliwahi kunifika. Nilimwaga dawa ya kuondoa gamba juu ya klorini iliyobaki ndani ya bakuli, mlango umefungwa na dirisha dogo limekwama. Kifua kilibana kabla sijanyanyua kichwa. Nilikohoa siku mbili. Nilidhani nimevuta maji vya kutosha, kumbe sikuvuta. Tangu siku hiyo nasisitiza: bidhaa moja kwa siku moja, na kati ya moja na nyingine vuta maji mara mbili. Ukisikia harufu kali ya kuchoma, usijaribu kuokoa kazi. Toka, acha mlango wazi, watoe na watoto.

Hidrojeni peroksidi ni salama kwa mazingira?

Ndiyo, ile ya asilimia 3. Ikimaliza kazi yake inagawanyika kuwa maji na oksijeni. Inyunyize kwenye kiti na kifuniko, iache dakika kumi, pangusa. Iweke kwenye chupa yake nyeusi, kwa sababu mwanga huivunja. Ukiihamishia kwenye chupa ya kioo cheupe, baada ya muda utakuwa unanyunyiza maji matupu.

Ndugu yake ni sodiamu perkaboneti, unga ambao ukiingia kwenye maji hutoa hidrojeni peroksidi na sodiamu kaboneti, yaani magadi ya kufulia, si yale ya kuokea. Kwa utelezi mweusi ndani ya bakuli na madoa ya kinyesi yaliyokaa, sijapata kitu bora kuliko huu. Vijiko vikubwa viwili au vitatu, maji ya moto kiasi, acha usiku kucha. Ya moto kiasi, nasema, si ya kuchemka: maji yanayochemka yanaweza kupasua kauri ya choo, na choo kilichopasuka hakizibiki.

Madoa ya kutu hayatoki hata kwa klorini.

Na hayatatoka. Klorini huifanya kutu ishike zaidi. Tumia asidi ya sitriki iliyokolea, kwa kitambaa kilicholowa kama nilivyoeleza juu, na rudia siku mbili tatu. Kisha uliza kutu inatoka wapi. Mstari mwembamba wa rangi ya chungwa unaoshuka nyuma ya bakuli maana yake ni kwamba tangi linavuja kidogokidogo, mchana na usiku. Tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba ya chini imechoka. Kuibadilisha ni kazi ndogo, na maji utakayookoa ni mengi kuliko utakayookoa kwa kubadilisha sabuni.

Kuna utando wa waridi kwenye ukingo wa maji. Ni kutu?

Si kutu. Mara nyingi ni bakteria waitwao Serratia marcescens, wanaopenda unyevu na mabaki ya sabuni. Sugua kwa sabuni na magadi, kisha hidrojeni peroksidi. Watarudi kama chumba hakipati hewa.

Vipi kuhusu jiwe la kusugulia?

Jiwe jepesi la volkano, kama lile la kusugulia miguu, hung'oa gamba sugu kwenye kauri. Jiwe lilowe, na kauri ilowe, muda wote. Likiwa kavu linachora. Usiliguse kwenye kiti cha plastiki wala kwenye choo cha chuma kilichopakwa rangi. Mimi hulitumia baada ya asidi kulainisha gamba, na kwa mkono mwepesi.

Vile vidonge vya rangi ya buluu vinavyowekwa kwenye tangi?

Viache. Rangi huficha uchafu, na vyenye klorini huozesha raba za ndani ya tangi, ndipo uvujaji niliousema unapoanza. Vitufe vya harufu vinavyoning'inizwa ukingoni navyo vina historia isiyopendeza: vingi vilitengenezwa kwa dikloribenzini, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2014 kanuni ya kuipiga marufuku kwenye vitufe vya choo na manukato ya chumbani. Kwingine bado inauzwa, kwa hiyo soma lebo.

Choo ni safi lakini kinanuka. Kwa nini?

Anza na sehemu zisizoonekana: chini ya ukingo, kwenye bawaba za kiti, na pale choo kinapokutana na sakafu, ambako matone ya mkojo huingia. Mswaki wa zamani na sabuni vinafaa.

Pasiponuka hapo, tazama maji. Ile kona iliyopinda chini ya choo imekusudiwa kushikilia maji ili gesi za maji taka zisipande ndani; wazo hilo lilipewa hataza Uingereza mwaka 1775, kwa mtengeneza saa Alexander Cumming. Choo kisichotumiwa kwa wiki kadhaa hukauka, na mlango wa gesi unakuwa wazi. Ndoo moja ya maji inamaliza tatizo. Hakuna manukato yanayoweza kufanya kazi hiyo.

Nina choo cha shimo. Haya yote yananihusu?

Kwa kibao cha juu, ndiyo: sabuni, maji machache na brashi. Ndani ya shimo usimwage klorini wala dawa za kuua wadudu, kwa sababu kuoza kutasimama na shimo litajaa upesi. Nyunyiza majivu makavu au pumba za mbao kila baada ya matumizi. Hufyonza unyevu, hupunguza harufu, na nzi hawapendi kutaga hapo. Weka kifuniko.

Brashi je? Na vitambaa vya unyevu?

Brashi inayokaa kwenye kikopo chenye maji machafu inarudisha ulichokiondoa. Baada ya kazi, isuuze kwa maji yanayovutwa, kisha ibane mpini kati ya kiti na bakuli, idondoke mpaka ikauke. Nunua ambayo kichwa chake hubadilishwa, ili mpini usitupwe kila mara.

Vitambaa vya unyevu, hata vilivyoandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni, vipeleke kwenye pipa. Vingi vina nyuzi za plastiki na havilegei kama karatasi. Mwaka 2017 mjini London, eneo la Whitechapel, mafundi walikuta donge la mafuta na vitambaa kama hivyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 ndani ya bomba moja la maji taka.

Nitajuaje kama bidhaa inayojiita ya kijani ni ya kweli?

Picha ya jani haithibitishi chochote. Tafuta nembo inayotolewa na chombo kinachokagua, kama Blauer Engel ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1978, au ile ya ua ya Umoja wa Ulaya iliyoanza mwaka 1992. Pasipo nembo, soma viambato: orodha fupi yenye asidi ya sitriki au ya laktiki na sabuni za mimea ni dalili nzuri. Mtengenezaji asiyetaja viambato vyake mimi simnunulii.

Naweza kutumia maji yaliyosuuza nguo?

Naam, na ni matumizi mazuri. Yamwage ndani ya bakuli moja kwa moja kutoka kwenye ndoo, kwa kasi, kutoka juu kidogo. Lita sita hivi zikishuka kwa mkupuo huondoa kila kitu bila kugusa tangi. Usiyamwage ndani ya tangi, kwani nyuzi za nguo na mabaki ya sabuni huganda kwenye vali. Yatumie siku hiyohiyo, kwa sababu yakilala yanaanza kunuka. Na kama ulifua nepi au nguo za mgonjwa, maji hayo yamwage chooni mara moja, usiyaweke.